Kata Moja ya Togwa Baridi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii si ya kubembelezea watoto. Ni ya kugombania. Mimi kila nikiisimulia napandwa na hasira upya, na nikimaliza nikawaona mmekaa kimya mnatabasamu, nitajua nimeyasimulia mawe.

Walikuwapo watu watatu katika kambi ya warina asali, ndani kabisa ya msitu wa miombo, magharibi ya Tabora, kule ambako mtu akisema anakwenda dukani wenzake wanamuaga kwa kumshika mkono.

Wa kwanza alikuwa Nyanzala, mjane, mfinyanzi. Kipaji chake kilikuwa udongo. Alichukua donge, akaling'ata kidogo kwa meno ya mbele, akatema, kisha akakwambia kama chungu chake kitapasuka motoni au kitawapikia wajukuu zako. Hakuwahi kukosea.

Wa pili alikuwa Mihayo, mwanamume mpole asiyependa maneno mengi. Kipaji chake kilikuwa upepo. Alilowesha masikio kwa maji, akasimama kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani, kisha akaonyesha kwa kidole upepo unakotoka na unakopita. Watu walimcheka, lakini siku ya kufukiza nyuki moshi walimwita yeye, kwa sababu hakuna aliyependa kuungua macho.

Wa tatu alikuwa Kalunde, binti mrefu mwenye sauti kubwa. Kipaji chake kilikuwa miguu. Hakuwa na mbio. Alikuwa na mwendo. Mwendo aliouanza asubuhi ndio huo huo aliomaliza nao jioni, mzigo kichwani, anaimba.

Na wote watatu walikuwa wanataka kitu kimoja. Tegeni sikio hapa, maana ndipo ugomvi ulipo. Msituni mule kuna Bonde la Mninga, ambako maua hayakosi hata mwaka mbaya, na asali yake ni nyeupe. Kila mwisho wa kambi, mwenye kambi humpa bonde hilo mtu mmoja aliyewafaa wenzake kuliko wote. Anachonga alama ya mtu huyo kwenye miti, na mpaka kambi ya mwaka ujao hakuna mwingine anayetundika mzinga humo. Msiniletee habari ya kugawana. Waliwahi kugawana zamani, ndugu wawili wa tumbo moja, na kufikia mavuno walikuwa wanatafutana kwa mashoka. Tangu hapo ikawa bonde moja, alama moja.

Nyanzala alilitaka kwa sababu mizinga ya marehemu mumewe ilikuwa inaoza nyuma ya nyumba, na shemeji zake wakimwambia mwanamke hana mti. Mihayo alilitaka kwa sababu kila mwaka alisukumiwa pembeni, kwenye miti mikavu ambayo hata nyuki waliionea huruma. Kalunde alilitaka kwa sababu alikuwa amebeba asali za watu tangu utoto wake, na hakuwahi kubeba hata ndoo moja iliyo yake.

Basi, mwenye kambi mwaka huo alikuwa Mzee Kapaya. Ilikuwa mwezi wa kumi, msimu wa kutundika mizinga, lile jua linalotangulia mvua. Mnalijua. Maji yalikaa kwenye madumu ya plastiki, na kufikia saa nne asubuhi ungeweza kuyatilia majani ya chai. Togwa ya mtama iliyokorogwa jana, leo ilikuwa imechachuka mpaka inafukuza nzi. Mtu anashuka mtini koo limekauka, anapewa maji ya moto, anakunywa funda moja, anakunja uso, anarudi juu. Kinywaji kisichonyweka ni sawa na kutokuwa nacho.

"Nitawafinyangia mtungi," alisema Nyanzala. "Mtungi unaotoa jasho. Mtungi ukitoa jasho, kilichomo kinapoa."

Akaufinyanga, akauchoma, akaujaza togwa, akauweka chini ya kivuli. Kesho yake adhuhuri watu wakakimbilia kunywa. Ya moto! Imechachuka! Wakamgeukia Nyanzala kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Walimwambia mtungi wake ni mbovu. Walimwambia amepoteza mtama wa kambi nzima. Nyanzala aliinama, akaukwaruza mtungi kwa ukucha, na chini ya ukucha pakatoka nta.

Nta! Nani amepaka mtungi nta?

Hapo ndipo anapoingia Msonga, na mimi nikilitaja jina hili nahitaji kunywa maji kwanza. Msonga alikuwa shemeji ya Mzee Kapaya, kaka wa mkewe. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Na ninyi mnawajua warina asali: kwao nta ndiyo dawa ya kila kitu. Mpini wa shoka ukilegea, nta. Ngoma ikipasuka, nta. Msonga aliuona mtungi unatota maji kwa nje, akaona unavuja, akaupaka nta wote, kuanzia shingo mpaka kitako, akausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa. Aliuziba mtungi pumzi, halafu akasimama na wenzake kumtukana mfinyanzi!

"Mimi nilikuwa nakusaidia," alisema alipoulizwa. "Ulikuwa unavuja. Ungenishukuru."

Kosa si kosa, jamani, wote tunakosea. Lakini pole haikumtoka. Hata nusu ya pole.

Nyanzala akaanza upya. Safari hii alichota udongo wa kichuguu, akauchanganya na makapi ya mtama yaliyotwangwa laini, ili moto ukiyala makapi mtungi ubaki na vitundu visivyoonekana. Akafinyanga jozi mbili za mitungi, moja ya togwa na moja ya maji, kila jozi mkubwa na mdogo, mdogo uingie ndani ya mkubwa na katikati pajae mchanga uliolowa. Viganja vyake vilipasuka kwa kazi ile. Mikono ilikuwa inatoka damu, na watu wakipita wanamuuliza, "Huu nao utavuja?" Alipomaliza aliwaambia neno moja tu: atakayeisogelea na nta, atafukizwa moshi yeye.

Mitungi ikawa mizuri. Lakini ikawekwa wapi? Msonga, huyo huyo, akasema ichimbiwe shimo, kwa sababu ardhi ni baridi. Ikachimbiwa shimo. Jasho la mtungi likakosa pa kwenda, na togwa ikabaki vuguvugu kama maji ya kunawisha mgonjwa. Ndipo Mihayo aliposimama, akalowesha masikio yake. Alizunguka msitu, huku watu wakimuuliza kama amepoteza mbuzi. Akapata mahali kati ya vichuguu viwili virefu, ambapo upepo mkavu ulikuwa unapenya kutwa nzima bila kukatika, hata saa ambazo majani ya kambini hayatikisiki. Akajenga banda la nyasi nene juu, na ukuta hakuweka hata upande mmoja. Wakamcheka mpaka wakashika mbavu.

"Banda halina ukuta, hilo ni banda au kofia?" aliuliza Msonga.

"Ni mlango," alijibu Mihayo. "Wa upepo."

Alibeba mitungi peke yake, kwa sababu wote waliosema watamsaidia walikuwa wanamalizia kucheka. Aliibeba mgongoni mmoja mmoja, kwenye miiba, na mgongo wake mpaka leo una makovu.

Mitungi ikawa mizuri na mahali pakawa pazuri. Lakini mchanga ukikauka, mtungi ni chungu cha kawaida tu. Ulitaka kunyweshwa asubuhi, adhuhuri na alasiri, na kijito cha karibu kilikuwa kimekauka. Maji yalibaki kwenye kisima cha mchangani, mbali, juani. Kalunde akatwika ndoo. Wenzake wakilala kivulini baada ya chakula, yeye anakwenda. Wakiamka, yeye anarudi. Na mnajua alipokewaje? Alipokewa kwa matusi!

"Watu tuna kiu, wewe unaumwagia mchanga maji!" walimpigia kelele.

"Mchanga ukinywa, nanyi mtakunywa," alisema Kalunde, huku akimimina.

Siku moja aliumia kisigino akashindwa kwenda. Hakuna, nasema hakuna, aliyechukua ile ndoo. Mchanga ukakauka, togwa ikachachuka, na jioni yake wakamlalamikia yeye. Kesho yake Kalunde akafunga kisigino kwa kamba ya gome la mti, akaenda akichechemea. Tangu hapo mitungi haikukauka tena.

Na togwa ikapoa. Ikapoa kweli kweli! Ukiinywa unaisikia inavyoshuka kifuani. Watu walikunywa wakasema, "Aa, baridi hii!" Walisifu baridi, kana kwamba baridi ilijileta yenyewe kwa miguu yake.

Sasa Wande. Wande alikuwa binti wa Mzee Kapaya, mpandaji wa miti kuliko wanaume wote wa kambi ile. Siku hiyo alikuwa anatundika mizinga mbali na kambi, na alikataa kushuka mpaka amalize. Adhuhuri wenzake wakamwona ameshuka, anatembea kama mlevi. Ngozi ilikuwa kavu, haina tone la jasho, inaunguza ukiigusa. Alikuwa anawaita nyuki kwa majina ya shangazi zake. Kisha akaanguka.

Wakampa maji ya dumu alilokwenda nalo, ya moto. Akatapika. Wakampa tena, akatapika tena. Mzee Kapaya alishika kichwa akalia mbele za watu, bila kujificha.

"Mwanangu anakauka," alisema. "Mwanangu anakauka namwona!"

Wakambeba mbio mpaka kwenye banda lisilo na ukuta, wakamlaza upepo ulipopita. Wakalowesha kanga kwa maji ya mtungini, wakamfunika kichwa na kifua, na kila kanga ilipopata joto wakaibadilisha. Wakamdondoshea maji baridi mdomoni, kidogo kidogo. Hakutapika. Wakampa togwa baridi, funda kwa funda. Haikurudi. Kivuli kilipoanza kurefuka, Wande alifumbua macho akauliza, "Mizinga mingapi imebaki chini?" Kambi nzima ikalia na kucheka kwa pamoja.

Msidhani sasa nitawaambia kwamba Wande akaozwa kwa aliyemwokoa. Wapo wasimulizi wa namna hiyo, wanaomtoa binti wa watu kama kikombe cha mashindano, na mimi wananitia kichefuchefu. Wande alikuwa na mchumba wake nyumbani, na angesikia habari hizo angewapiga kwa ngazi.

Kilichobaki kutolewa ni Bonde la Mninga. Siku ya kufunga kambi Mzee Kapaya alisimama na shoka lake la kuchongea alama, akasema mwaka huu hakuna haja ya kutafuta aliyewafaa wenzake. Aliyempoza Wande ndiye mwenye bonde. Ila aseme mwenyewe ni nani.

Nyanzala akasimama. "Ni mimi, Mzee. Bila mitungi yangu, Mihayo angekuwa na banda la kupepea nyasi, na Kalunde angekuwa na ndoo ya maji ya moto. Baridi ilizaliwa katika udongo huu." Akaonyesha viganja vyake.

Mihayo akasimama. "Mitungi ilikuwepo shimoni, na maji mlikuwa mnayamimina. Mlikunywa baridi? Hamkunywa. Baridi ilianza upepo ulipoanza." Akakaa. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Kalunde akasimama. "Mimi sifinyangi wala sisikilizi upepo. Lakini siku niliyokosa mimi, mitungi ilikuwepo na upepo ulikuwepo, na togwa ilichachuka. Wenzangu walifanya kazi wakamaliza. Mimi yangu haikuisha hata siku moja. Wande angeanguka siku ile niliyolala na kisigino, leo tungekuwa tunasema nini?"

Nyanzala na Mihayo wakatazama chini, kwa sababu ilikuwa kweli. Na ya Nyanzala ilikuwa kweli. Na ya Mihayo pia.

Halafu, jamani, nishikeni mkono, Msonga naye akasimama!

"Mnamsahau mmoja," alisema. "Ni mimi niliyepaka mtungi nta. Nisingeupaka, nani angejua kwamba mtungi lazima upumue? Nyanzala asingefinyanga mitungi miwili, angebaki na ule mmoja. Na shimo je? Ni mimi niliyesema tuchimbe. Msingejaribu shimo, msingetafuta upepo. Mimi ndiye niliyewafundisha nyote, kwa kukosea."

Mmesikia? Watu husema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia kivulini, akala kivulini, na sasa anataka na mti wenyewe! Na kilichonikata maini si Msonga. Ni Mzee Kapaya, aliyejikuna kidevu akasema, "Kuna jambo katika maneno ya shemeji." Jambo gani? Jambo la kwamba akirudi nyumbani mkewe atamuuliza kwa nini kaka yake hakupata kitu! Wapo waliotikisa vichwa kukubali. Ni wale wale waliolala kivulini ndoo ikipita.

Wande ndiye aliyewakata kauli. Alikuwa bado mnyonge, amekaa kwenye gogo, lakini akainuka.

"Baba," alisema, "aliyeanguka ni nani, wewe au mimi?"

"Wewe, mwanangu."

"Basi desturi yetu inasemaje? Aliyeokolewa ndiye huteka kata ya kwanza ya togwa akampa aliyemwokoa, na atakayepokea kata mkononi mwangu, huyo ndiye umchongee alama."

Mzee Kapaya hakuweza kubisha, maana desturi ni hiyo, na mashahidi ni kambi nzima. Wande akaenda kwenye mtungi, akafunua, akateka togwa baridi mpaka kata ikajaa. Alipogeuka, Msonga alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili.

"Mjomba," Wande alimwambia, "wewe ni ndugu yangu na shikamoo yangu utaipata daima. Kata hii si shikamoo."

Akampita. Watu wakapiga vigelegele, na mimi ningekuwepo ningepiga kuliko wote.

Lakini kumkatalia asiyestahili ni kazi rahisi. Sasa Wande alikuwa amesimama mbele ya watu watatu. Nyanzala alikuwa na mikono iliyopasuka, Mihayo na mgongo uliochanika, Kalunde na kisigino ambacho hakijapona. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Watu wakaanza kupiga kelele, huyu anasema mpe mfinyanzi, huyu anasema mpe mwenye upepo, huyu anasema mpe mteka maji. Mzee mmoja akasema kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo wote watatu wasamehe, wawe na moyo mkubwa, tenda wema nenda zako. Nendeni zenu wapi? Kwenye miti mikavu? Kwa shemeji wanaosema mwanamke hana mti? Wamewapoza wengine, halafu wao wenyewe waambiwe waende wakapoe kwa methali? Hapana! Mmoja wao lazima apate bonde lile, na wawili lazima wakose, na watakaokosa watakuwa wameonewa. Hilo ndilo linaloniuma mimi, na ndilo lililomuuma Wande, kwa sababu alijua kwamba akimpa mmoja, amewanyima wawili haki ya uhai waliomrudishia.

Mimi nilikoisikia hadithi hii, msimulizi aliishia hapo akaondoka, na wasikilizaji wakabaki wanagombana mpaka majirani wakaja kuamua ugomvi, nao wakagombana. Nami naishia hapo hapo, na siondoki. Nataka niwasikie.

Wewe uliyenyamaza pale nyuma, wewe unayejifanya hayakuhusu, nakuuliza wewe kwanza. Kata ni moja. Bonde ni moja. Wande amesimama juani, kata mkononi, na anakutazama wewe. Je, wewe ungeamua vipi, ungempa nani? Sema upesi, maana tunavyozidi kubishana, togwa inapata moto.